Trei za mayai zilijua kabla yangu kwamba injini inamisi

Nyuma ya Probox yangu huwa nabeba trei arobaini za mayai, safu nne za trei kumi kumi, zimekazwa kwa mpira wa tairi. Barabarani zikitikisika sishtuki. Njia ya kutoka Uru kushuka mjini Moshi nimeizoea, najua hata shimo lipi nilikwepe kushoto na lipi kulia. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa sita nilisimama mbele ya mgahawa karibu na soko la Mbuyuni, gari likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mguu kwenye breki, nikasikia trei zinagongana nyuma yangu. Taratibu, bila kukoma. Mahali penyewe ni tambarare, gari halitembei, na mayai yanatetemeka.

Nikaweka gia ya N, ile huru, mtetemo ukapungua. Nikarudisha D ya kwenda mbele, ukarudi. Nikaiacha kwenye N nikakanyaga mafuta kidogo, mshale wa mizunguko ya injini ukafika 1,500, kimya kabisa.

Kwa kuwa kwenye mwendo gari lilikuwa linavuta, niliendelea nalo siku nne zaidi. Hilo ni kosa, na nitaeleza kwa nini.

Injini yangu ni 1NZ, ile ya lita moja na nusu, silinda nne. Ikiwa sailensi inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, maana yake kila moja inapiga mara 350 kwa dakika. Moja ikikataa kuwaka, ndiyo kumisi, robo ya mapigo imepotea, na kwa mwendo ule mdogo unalihisi pengo mpaka kwenye kiti. Ukikanyaga mafuta mapigo yanafuatana haraka, uzito wa vyuma vinavyozunguka unalifunika pengo, unadhani gari limepona. Halijapona. Ile silinda bado inapokea petroli isiyoungua, na petroli hiyo inaenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambamo si mahali pake. Masega yakiyeyuka, bei yake utaijutia kuliko ya plagi, kile kifaa kinachorusha cheche ndani ya silinda.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi alisikiliza kidogo akasema tuoshe nozeli zinazopulizia petroli, na ikishindikana tununue koili zote nne, zile zinazozipa plagi umeme. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ni uzoefu. Simdharau, alikuwa na magari sita uwanjani na jua linazama. Lakini koili nne ni hela ya chakula cha kuku cha wiki kadhaa, na mimi sinunui dawa kabla ya kujua kuku anaumwa nini. Nilimshukuru nikachukua ufunguo wangu.

Upande wa Pasua kuna mzee ambaye zamani aliwahi kumtengenezea marehemu baba yangu pikapu. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo anasafisha vifaa. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu. Mayai yamekuleta au gari?” Nikamweleza habari ya trei. Hakugusa nozeli wala hakutaja koili. Alifungua boneti, akatoa kava ya plastiki, akaniambia nikae kwenye usukani.

Kipimo chake ni rahisi na kila mwenye gari la petroli anaweza kukielewa. Unazima injini, unachomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, unawasha, unasikiliza. Silinda iliyo hai ukiizima, mtetemo lazima uongezeke. Unazima tena, unarudisha waya, unahamia ya pili. Namba moja, gari lilitikisika vibaya. Namba mbili, vilevile. Namba tatu, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Ndiyo hiyo. Huwezi kuiua silinda iliyokwisha kufa. Namba nne ikatikisika kama wenzake. Kila mara alinitaka nizime kwanza, kwa sababu koili inatoa maelfu ya volti, na hakuiacha injini ivume muda mrefu, sekunde chache tu, kuyaokoa hayo masega. Ukiwa na mashine ya kusoma hitilafu za gari na ikakuandikia P0303, ujue ile 3 ya mwisho ni namba ya silinda, habari ileile.

Kisha akahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza, na ya kwanza kwenda ya tatu. Tukawasha, tukapima upya. Bado aliyekufa ni namba tatu. Kwa hiyo koili ilikuwa hai! Zile nne nilizotakiwa kununua zingekuwa zimeingia bure. Nilimwangalia mzee nikakosa la kusema.

Tukasubiri injini ipoe kabisa. Kichwa cha injini ni aluminiamu, na ukifungua plagi kikiwa cha moto unaweza kuondoka na uzi wa shimo, ile mistari ya kukazia. Kabla ya kufungua alipuliza mashimo yote kwa upepo wa kompresa. Vumbi letu jekundu la Uru lilikuwa limejaa mle, na lingedondoka lote ndani ya silinda. Boksi spana namba 16, mkono mrefu, zikatoka moja moja. Nikachukua trei tupu ya mayai nikaziweka kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya nne. Trei ya mayai ni kifaa kizuri sana cha kazi hii, nashangaa mafundi hawaitumii.

Hapo sasa plagi zikaanza kusema. Plagi yenye afya ncha yake ina rangi ya kahawia hafifu, kama chai yenye maziwa mengi. Zangu zote nne zilikuwa na masizi meusi makavu. Na ile ya tatu, juu kwenye kauri nyeupe, ilikuwa na mstari mwembamba mweusi unaoshuka mpaka kwenye chuma. Cheche ilikuwa haiendi kwenye ncha. Ilipita nje, ikiteleza juu ya kauri, ikamalizikia kwenye mwili wa plagi.

Kwa nini ya tatu tu? Shimo lake lilikuwa na oili. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, imezeeka, oili inavuja inajaa kwenye shimo la plagi, mpira wa koili unalainika na kulegea, umeme unapata njia ya mkato. Mzee alinisisitizia jambo moja ambalo nalirudia hapa: oili iliyo shimoni juu ya plagi na oili iliyo kwenye ncha ya plagi ni habari mbili tofauti. Ya juu ni gasketi, kazi ya saa moja au mbili. Ya kwenye ncha inatoka ndani ya injini, kwenye ringi au sili za valvu, na hiyo ni hela ya aina nyingine. Ncha zangu zilikuwa kavu. Nilishusha pumzi.

Yalibaki masizi, ambayo yalikuwa kwenye zote nne, na hapa nilijikuta mimi mwenyewe ndiye mwenye kesi. Mwezi wa nne nilikuwa nimebadilisha plagi. Dukani niliomba za Probox, muuzaji akazigeuza mkononi akasema, “Hizi zinaingia, mama.” Na kweli ziliingia. Plagi nyingi za Kijapani zina uzi uleule wa milimita 14, urefu wa uzi milimita 19, zinaingia kwenye nusu ya magari yaliyoegeshwa stendi. Ila zangu zilikuwa zimeandikwa K20R-U11. Za injini hii ni K16R-U11 kwa upande wa kampuni ya Denso, au BKR5EYA-11 kwa upande wa kampuni ya NGK. Tofauti ni tarakimu mbili tu, na ndizo zilizoleta masizi.

Namba hiyo ya katikati inaeleza plagi inavyopoteza joto. Kwa Denso na NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka kwenda kwenye kichwa cha injini. Denso 16 ni sawa na NGK 5, na 20 ni sawa na 6. Bosch wao wanahesabu kinyume, kwa hiyo usilinganishe namba za makampuni kwa macho tu. Plagi inahitaji ncha yake ifike kwenye joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi ndipo iunguze masizi yake yenyewe. Ikipita sana, kwenye 900 na kuendelea, inaanza kuwasha petroli kabla ya wakati wake na kuumiza pistoni. Kati ya hapo ndipo inapotakiwa kuishi.

Sasa angalieni safari yangu. Naondoka Uru alfajiri, mwezi wa sita na wa saba ni baridi na ukungu, injini haijapata moto. Nashuka. Karibu njia nzima mpaka mjini ni mteremko na mguu wangu hauko kwenye mafuta, nakumbuka mayai. Nikifika nasimama dukani, sailensi dakika tano, nasogea mita mia mbili, nasimama tena. Plagi ya moto wa kawaida yenyewe inahangaika kwenye maisha hayo. Nikaiwekea ya baridi zaidi! Mtu anayepanda Dodoma kwa mwendo wa kasi na mzigo pengine asingeona tofauti mapema hivyo. Mimi miezi miwili tu.

Kununua mpya kulinichukua siku nzima, na sijutii. Duka la kwanza lilikuwa na namba sahihi, boksi linang'aa, kila moja elfu tatu. Kitu hakikunikaa sawa. Ile washa ya chuma inayokaa chini ya plagi ilitoka nilipoivuta kwa kucha, wakati kwenye plagi za zamani zilizotoka garini haivuki uzi. Maandishi kwenye kauri yalifutika kidogo kwa kidole chenye mate. Ncha ya katikati ilikuwa imekaa upande. Nikanunua moja tu, nikaipeleka kwa kijana anayetengeneza redio jirani na hapo, nikamwomba mita yake. Hiyo R kwenye jina la plagi ina maana ndani kuna rizista, ya kuzuia mikwaruzo ya umeme isiingie kwenye redio na kompyuta ya gari. Ukigusa kichwa na ncha ya katikati, mita inapaswa kusoma kama kiloomu tano, tatu mpaka saba na nusu si mbaya. Ile ilisoma sifuri. Hakukuwa na rizista mle, R ilikuwa maandishi tu. Niliirudisha na mangi mwenye duka alinirudishia hela bila ugomvi, nadhani naye aliuziwa hivyohivyo.

Duka la tatu nilipata zinazofaa, elfu tisa moja. Nikazipima zote nne kabla ya kulipa: 4.6, 4.8, 4.7, 4.8. Muuzaji alicheka mwanzo, mwishoni akaniuliza mita hiyo nimenunua wapi.

Aliniuliza pia kwa nini nisichukue za iridiamu. Ni plagi nzuri, sitamdanganya mtu. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi kama 2,400, nikeli kwenye 1,455, kwa hiyo ncha ya iridiamu inaweza kuwa nyembamba kama sindano na bado ikadumu, na ncha nyembamba inahitaji volti chache kurusha cheche. Gari ambalo plagi zake zimefichwa chini ya mabomba hadi ufungue nusu ya injini, weka iridiamu, usifikirie mara mbili. Langu natoa boliti nne za namba 10 na plagi ninaziona. Natembea kama kilomita 15,000 kwa mwaka, za nikeli nitazibadilisha kwenye 20,000, na kila nikizitoa napata nafasi ya kuzisoma. Kwa bei ya seti moja ya iridiamu hapa mjini nanunua seti tatu za nikeli. Hesabu yangu imeishia hapo, ya kwako inaweza kuwa nyingine.

Kufunga. Ile 11 mwishoni ni nafasi ya ncha, milimita 1.1. Huja zimeshapimwa lakini tulizipitisha kwenye filageji, kipimo cha nafasi, kwa sababu plagi ikianguka boksini inaweza kuwa imefumba. Mzee alichomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi, akaishusha shimoni na kuizungusha kwa vidole tu. Uzi ukienda mshazari, ule mpira unateleza wenyewe, lakini boksi spana halina huruma. Ikikaa chini, ndipo spana, nusu mzunguko, basi. Hakupaka grisi. Plagi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi.

Gasketi ya tapeti kava mpya, mpira mpya wa koili ya tatu, throtobodi, mlango wa hewa wa injini, ikafutwa kwa kitambaa na dawa, ilikuwa nyeusi kidogo. Tukawasha. Nikaweka D, mguu kwenye breki, nikazima redio nisikilize.

Bado kuna mtetemo mdogo nikiweka gia ya R, ya kurudi nyuma. Mzee anasema ni injini mauntini, raba inayoshikilia injini, ya upande wa kulia, amenionyesha raba yake ilivyopasuka. Hiyo itasubiri mpaka niuze kuku wazee mwezi ujao. Ndani ya boneti nimebandika utepe nikaandika kilomita za siku ile, 187,420, na chini yake K16R-U11, ili hata siku nikimtuma kijana wangu dukani asirudi na zinazoingia.