Likizo Mahali Usipodaiwa Neno

Miaka kadhaa iliyopita nililipia siku saba katika nyumba ya wageni iliyo kisiwani, yenye vyumba sita tu, ambayo tangazo lake lilisema kuwa ni kimbilio la wanaotafuta utulivu. Picha hazikudanganya: ufuko ulikuwa mtupu, barabara haikufika huko, na usiku hapakuwa na sauti nyingine ila ya mawimbi. Hata hivyo, chakula kililiwa kwenye meza moja ndefu mara tatu kwa siku, na mwenyeji, ambaye alikuwa mtu mwema kabisa, alihakikisha kwamba kila mgeni anafahamiana na mwenzake. Kufikia siku ya pili wote walijua kazi yangu, idadi ya ndugu zangu na sababu ya kusafiri peke yangu. Siku ya tatu niliacha kwenda kula jioni ili nipumzike, na baada ya muda mfupi mlango ukabishwa: walikuwa wamekuja kunijulia hali. Nilirudi kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Tangu hapo siulizi tena mahali fulani pako mbali kiasi gani. Kinachomchosha mtu mkimya ni madai madogo madogo yanayokuja pamoja na watu: salamu inayohitaji kurefushwa, swali linalotaka maelezo, kicheko ambacho ni utovu wa adabu kutokukiitikia. Unaweza kukaa katika hoteli ya ghorofa kumi katikati ya jiji na ukawa peke yako kweli, kwa sababu hakuna anayekungoja popote. Na unaweza kukaa kisiwani na watu wanane ukakosa hata saa moja ya kuwa na nafsi yako. Kwa hiyo, ninapopanga likizo, ninajiuliza ni nani atakayetarajia nini kutoka kwangu, na saa ngapi.

Kabla ya kuweka nafasi huandika ujumbe mfupi wenye maswali ambayo huenda wenye nyumba huyaona ya ajabu. Je, ufunguo hukabidhiwa na mtu, au huachwa kwenye kisanduku chenye namba ya siri? Je, kuna jiko ndani, au mgeni hulazimika kula pamoja na wengine? Je, ninaweza kuomba chumba kisisafishwe mpaka nitakapoondoka? Je, mwenye nyumba anaishi katika kiwanja hicho hicho? Majibu ya maswali haya hunieleza mengi kuliko picha ishirini za machweo. Neno ambalo nimejifunza kulisoma kwa tahadhari katika matangazo ni «familia», pale wanapoahidi kwamba utajiona kuwa mmoja wao. Ahadi hiyo hutolewa kwa moyo mweupe, na kwa wasafiri wengi ni faraja kubwa, lakini kwa mtu wa aina yangu ni kazi ya kutwa.

Kosa la kudhani kwamba umbali ndio faragha huonekana wazi ukikitazama kisiwa cha Tristan da Cunha, kilicho katikati ya Atlantiki ya Kusini. Hakina uwanja wa ndege, meli kutoka Cape Town huchukua takribani wiki moja kukifikia, na mgeni hawezi kushuka bila idhini ya baraza la kisiwa. Hakuna makazi ya watu yaliyo mbali na ulimwengu kuliko hayo. Lakini wakazi wake, ambao hawafiki 250, wote wanaishi katika kijiji kimoja, na ni rahisi kuelewa kwamba mgeni mmoja mahali kama hapo ni habari ya mji mzima. Ningependa sana kukiona siku moja, ila nisingekwenda huko nikitafuta kutokuonekana.

Kinyume chake ni meza ya watawa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura nzima, ya 53, inayohusu kupokea wageni, nayo inaagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Kwa sababu hiyo monasteri nyingi za Wabenedikto na za Watrapisti, watawa ambao nao huifuata kanuni hiyo, katika nchi mbalimbali, zina nyumba ya wageni, na nyingi kati yake humpokea mtu bila kumdai kuwa muumini. Katika nyumba hizo chakula mara nyingi huliwa kimya, huku mtu mmoja akisoma kitabu kwa sauti na wengine wakisikiliza. Nimewahi kukaa kwenye meza ya aina hiyo, pamoja na watu wapatao thelathini, na sikumbuki mkusanyiko mwingine wowote ulionipumzisha kiasi kile. Mtu aliyeketi mbele yangu alinisogezea mkate nikiwa sijaomba, akainamisha kichwa, akarudi kwenye sahani yake. Hapo nilielewa kwamba sikuwa nimewachoka watu. Nilikuwa nimechoka kuzungumza.

Wako wanaopendekeza mafunzo ya kutafakari ya Vipassana, ambayo huchukua siku kumi na hufanyika katika vituo vingi duniani. Mshiriki huamshwa saa kumi alfajiri, hukabidhi simu, hasomi, haandiki, na hata ishara za macho kwa wenzake haziruhusiwi. Hakuna ada, na anayemaliza huchangia akipenda. Ninaheshimu utaratibu huo na nimeona wenzangu walionufaika nao. Hata hivyo siuhesabu kuwa likizo, kwa kuwa ratiba yake ni ngumu kuliko ya kazini, na mtu aliyekwisha kuchoka hahitaji kwanza kupimwa uvumilivu.

Kutembea kwa miguu kwa siku nyingi ni njia nyingine, ila hapa inafaa kuchagua kwa makini. Njia za hija za kwenda Santiago de Compostela, kaskazini mwa Uhispania, husifiwa kuwa safari za upweke, na huenda zamani zilikuwa hivyo. Mwaka 2023 pekee zaidi ya watu 400,000 walipokea cheti cha kuikamilisha hija hiyo, na jioni mabweni hujaa watu wanaotaka kujua umetoka wapi. Njia ya mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, nchini Japani, yenye urefu wa takribani kilomita 1,200, ina hali tofauti, kwa sababu mahujaji wengi siku hizi huizunguka kwa magari na mabasi, na anayetembea huachiwa njia. Kati ya hekalu la 23 na la 24 pana kilomita zipatazo 75, sehemu kubwa kando ya bahari, na mtembeaji anaweza kumaliza nusu siku huku upande mmoja akiwa na maji na upande wa pili mlima, bila kulazimika kusema chochote. Si lazima kuikamilisha yote. Siku tano za kipande kimoja zinatosha kabisa.

Kwa asiyeweza kutembea mbali, ningeshauri aangalie maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya giza. Sark, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa kisichoruhusu magari ya kawaida, kilitambuliwa mwaka 2011 kuwa kisiwa cha anga la giza. Mwaka uliofuata yakatambuliwa maeneo ya NamibRand nchini Namibia na Aoraki Mackenzie nchini New Zealand. Jambo la kuzingatia ni kalenda ya mwezi: nenda mwezi unapoandama au siku chache kabla, kwa kuwa mwezi mpevu hufuta nyota nyingi hata jangwani. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa simu, hata wa sekunde mbili, huirudisha saa hiyo nyuma. Mtu akisubiri kwa subira, ataviona vile vijinyota vya Kilimia vikizidi kuongezeka kimoja kimoja, kisha ule ukanda mweupe unaolikata anga. Nimegundua pia kwamba watu wakiwa gizani hupunguza sauti wenyewe, bila kuambiwa.

Kuhusu sauti, kuna mtu aliyeifanya kazi ya kusikiliza kwa niaba yetu. Gordon Hempton, mrekodi wa sauti za asili, mwaka 2005 aliweka kijiwe chekundu juu ya gogo lililoota kuvumwani katika msitu wa Hoh, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Olympic nchini Marekani, akikusudia kuilinda inchi moja ya mraba dhidi ya kelele za binadamu. Adui mkubwa wa inchi hiyo alikuwa ndege za angani, wala si wapiga kambi. Ndiyo sababu, kabla ya kuchagua bonde au ziwa, mimi hutazama kwenye ramani ni viwanja gani vya ndege viko jirani na njia za ndege zinapita wapi. Msimu nao una uzito kuliko jina la mahali: mji wa pwani uliojaa wakati wa joto huwa na madirisha yaliyofungwa miezi sita baadaye, na theluji iliyoanguka usiku, kwa kuwa ni laini na imejaa hewa, hunyonya sauti kiasi kwamba unasikia pumzi yako mwenyewe.

Lakini kama ningeruhusiwa kurudia aina moja tu ya likizo kwa maisha yangu yote, ningechagua kibanda cha mlimani. Chama cha watembeaji cha Norway, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda zaidi ya 500, na vingi kati yake havina mhudumu. Mwanachama hupewa ufunguo wa aina moja unaofungua vibanda vingi; ndani hukuta kuni, magodoro, mablanketi na sufuria, na katika baadhi hukuta pia akiba ya chakula, ambayo huandika mwenyewe alichotumia na kukilipia bila kusimamiwa na mtu. New Zealand nayo ina vibanda vya umma zaidi ya 900, vingine vikiwa vidogo mno, kwenye mabonde yasiyofikiwa na gari. Anayetaka faragha zaidi ya hiyo anaweza kubeba hema: sheria ya Norway ya mwaka 1957 humruhusu yeyote kulala katika ardhi isiyolimwa hadi siku mbili bila kuomba ruhusa, mradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa.

Nilifika kwenye kibanda changu cha kwanza mwishoni mwa Septemba, katika manyunyu. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikanilazimu kuusukuma kwa bega. Juu ya meza palikuwa na daftari la wageni, na aliyeandika mara ya mwisho alikuwa ameondoka siku kumi na moja zilizopita. Niliandika jina langu, nilikotoka na ninakokusudia kwenda, kwa sababu waokoaji huanzia hapo mtu anapopotea. Niliteremka kijitoni na ndoo, nikarudi, nikawasha moto, nikaketi. Chuma cha jiko kilianza kulia taratibu, ti, ti, kadiri kilivyopata joto, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee katika chumba.

Siku mbili za kwanza hazikuwa tamu. Mkono ulikwenda mfukoni kuitafuta simu ambayo haikuwa na mtandao, na akili iliendelea kutunga majibu ya ujumbe wa kazini ambao haukuwapo. Nimeona hali hiyo ikijirudia katika kila safari, na kwa hiyo simshauri mtu apange likizo ya upweke ya siku mbili au tatu. Ataondoka pale pale mambo yanapoanza kutulia. Siku tano ni kiwango cha chini ninachokiamini. Siku ya tatu nililala mchana, nikaamka bila kujua ni saa ngapi, na sikutaka kujua.

Watu wetu wa karibu huumia tunapowaaga kwa safari za namna hii, wakidhani kwamba tumewachoka au kwamba tuna msiba tunaouficha. Mimi huwaambia mapema na kwa uwazi, kisha huchagua mmoja wao na kumwachia karatasi yenye njia nitakayopita, siku na saa ya kurudi, na namba ya waokoaji wa eneo hilo. Tunakubaliana kwamba saa hiyo ikipita kwa muda fulani bila ujumbe wangu, apige simu bila kusita na bila kuniogopa. Mahali pasipo na mtandao kabisa hubeba pia kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setelaiti. Karatasi hiyo hunipa uhuru, kwa maana najua kwamba kunyamaza kwangu kuna mwisho unaofahamika na kwamba hakumtesi mtu.

Siku ya mwisho katika kibanda kile nilifagia sakafu, nikamwaga majivu, nikafunga madirisha. Kisha nilifanya kama alivyonifanyia yule aliyeondoka siku kumi na moja kabla yangu, ambaye sitamjua kamwe: nilipasua kuni, nikazipanga kando ya jiko, nikaweka juu yake vibanzi vikavu vya kuwashia na kiberiti, ili atakayefika akiwa ameloa asihitaji kumwomba mtu yeyote chochote.