Patasi Sita kwa Bei ya Moja

Pesa za korosho zikishaingia, seremala wa Mtwara hatafuti kazi, kazi inamtafuta. Nyumba iliyokaa na bati lake bila milango inakumbukwa, na fundi anaitwa. Kazi ninayoizungumzia ilitoka Mikindani: milango sita ya mkongo pamoja na fremu zake, na vitasa vya kuchimbia, nyumba yenyewe ikiwa karibu kabisa na bahari. Karakana yetu ilikuwa Chikongola. Vifaa tulivyokuwa navyo vilizoea mbao za paini, za vitanda na madawati. Mkongo ni habari nyingine. Ni mbao nzito, ukishakauka hauchezi, mchwa hauugusi kirahisi, na kwa sababu hizo hizo unakula makali.

Mwenye nyumba alitoa malipo ya awali, tukakaa kugawa pesa: mbao, gundi, bawaba, skrubu, kisha vifaa. Ubishi ulizuka kwenye vifaa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameona dukani seti ya patasi sita ndani ya boksi la plastiki, kuanzia robo inchi hadi inchi moja na robo, mipini ya njano, zinang'aa. Bei ya seti nzima ilikuwa sawa na ya patasi moja ya nusu inchi yenye chapa inayojulikana. "Hata tatu zikifa," alisema, "tumebaki na tatu." Hoja ilikuwa na uzito, na fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, hakuidharau. Alichukua tupa ndogo ya pembe tatu, ile ya kunolea msumeno, akaizungushia kitambaa na kuitia mfukoni. "Twendeni tukazione, wanangu."

Kijana wa dukani alimwamkia, Mzee akaitikia marahaba, kisha akaomba ruhusa. "Nitagusa kona tu. Nikiiharibu naichukua." Jaribio lenyewe ni jepesi, na anayenunua patasi bila kulifanya anabahatisha. Kwanza alikwangua kwa ukucha ile vanishi inayopakwa kuzuia kutu, maana tupa huteleza juu ya vanishi ukadhani chuma ni kigumu. Kisha akapitisha tupa pembeni mwa makali, si karibu na mpini. Sehemu ya karibu na mpini huachwa laini makusudi ili isivunjike, kwa hiyo ukijaribu huko hujapima kitu. Kwenye patasi iliyokaushwa vizuri, yaani iliyofanywa ngumu kwa moto, tupa huteleza na kutoa mlio mwembamba, ikiuma inauma kidogo sana. Kwenye patasi laini tupa inashika, na unga wa chuma unaonekana.

Katika zile sita, nne zilikataa tupa. Ya nusu inchi na ya robo tatu zilikubali kuliwa. Boksi moja, chapa moja, rangi moja, na chuma kimepata moto tofauti. Hapo ndipo penye tatizo kubwa la vifaa vya bei rahisi, na watu wengi wanalikosea kwa kulitupia nchi kilikotoka. China inatengeneza patasi nzuri na mbaya, na kiwanda kile kile kinaweza kutoa zote mbili. Unachopunguziwa katika bei ni ukaguzi. Kwenye chapa nzuri mtu amekwisha kukukagulia, huku kwenye rahisi mkaguzi ni wewe.

Mzee aliangalia na mambo mengine mawili. Aliweka rula ya chuma kwenye mgongo wa kila patasi, akainua kuelekea mwangani: patasi ya inchi moja ilipitisha mwanga katikati, maana yake ina bonde. Bonde dogo si kasoro, linasuguliwa kwenye jiwe, tena ni bora kuliko mgongo uliovimba katikati, ambao hautulii kwenye jiwe na utakusumbua mwaka mzima. Kisha akashika mpini na bapa akavizungusha kinyume kusikia kama kuna mchezo. Tukanunua seti ile, na ya nusu inchi moja ya bei kubwa, ili zikapimane kwenye mbao yenyewe.

Kabla ya kupimana ilibidi zinolewe sawa, la sivyo ungekuwa unapima kunoa badala ya chuma. Patasi mpya karibu zote hutoka kiwandani na mteremko wa makali wa nyuzi 25 hivi, ambao ni mwembamba mno kwa mkongo. Tulizipa 30. Hatukuwa na kipimo cha pembe, wala hakihitajiki: urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene wa bapa, pembe ni nyuzi 30. Bapa la milimita 4, mteremko wa milimita 8. Kwa mpingo ningeongeza hadi 35, maana mpingo unamegua makali membamba. Tulinoa kwenye jiwe kwa mkono. Mwenzetu alitaka kuharakisha kwa grenda, Mzee akamzuia: ncha ikigeuka buluu imeshafika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ugumu umeondoka. Chuma hakirudi kwa kukitia maji baada ya hapo. Hata patasi ya bei kubwa inauawa hivyo ndani ya sekunde chache.

Tundu la ulimi, yaani shimo linalopokea ncha iliyochongwa ya mbao nyingine, kwenye nguzo ya mlango huwa na upana wa karibu theluthi moja ya unene wa mbao. Nguzo zetu, zikisharandwa, zilikuwa inchi moja na robo tatu, kwa hiyo nusu inchi ndiyo ilikuwa patasi ya kazi. Tulitoboa kwanza mashimo kwa keekee kupunguza nyama, kisha patasi ikaingia wima, ikila milimita tatu tatu. Patasi laini ilichimba vizuri kidogo tu. Halafu mlio wa nyundo ya mti ukabadilika, ukawa mzito, na vipande vikaanza kutoka vimepondeka. Mzee akapitisha ukucha kwenye makali: ukingo ulikuwa umejikunja upande mmoja, unaukamata ukucha kabisa. Ya robo inchi, ambayo dukani ilikataa tupa kwa kiburi, ilifanya kinyume chake: makali yalimeguka, kipande cha punje ya mchele kikabaki ndani ya mbao. Ile ilikuwa imekaushwa ikawa ngumu, lakini haikurudishiwa moto wa pili wa kuipunguzia ugumu kidogo ili isimeguke.

Ndiyo maana tupa peke yake haitoshi kutoa hukumu. Inakuonyesha laini, haikuonyeshi iliyopitiliza. Iliyopitiliza inajulikana kwa kazi.

Patasi ya bei kubwa ilimaliza tundu zima, ikapigwa jiweni kidogo, ikaingia la pili. Mwenzetu hakukata tamaa, na mimi nilikuwa upande wake, kwa kuwa patasi laini kama chuma chake ni chema inaweza kuokolewa. Tukazipeleka ile ya nusu inchi na ya robo tatu kwa mhunzi upande wa Naliendele. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli, na kusini vipande vya namna hiyo si ajabu: reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa.

Mhunzi aligusisha kila moja kwenye grenda kwa nyuma, karibu na mpini, mahali pasipo na madhara, akatazama cheche. Ya nusu inchi ilitoa cheche zinazopasukapasuka mwishoni na kugawanyika matawi. Ya robo tatu ilitoa mistari mirefu iliyonyooka, haipasuki. "Hii ina kaboni, tutaipa moto," alisema. "Hii nyingine ni nondo iliyopigwa rangi. Ichukueni, baba." Chuma laini cha ujenzi kina kaboni chini ya robo ya asilimia moja, na hata ukikipa moto namna gani hakikauki. Chuma cha patasi kinahitaji kama asilimia 0.6 kwenda juu, na nyingi nzuri hukaribia 1.

Alichofanya kwa ile ya nusu inchi nakieleza kwa kirefu, maana fundi yeyote mwenye mkaa na mvukuto anaweza kukirudia. Alichomeka inchi moja na nusu ya ncha kwenye mkaa, kivulini, kwa sababu juani rangi ya moto inadanganya. Ilipofika wekundu wa cheri alisogeza sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Sumaku ikishika bado. Ikiacha kushika, chuma kimepita nyuzi 770 hivi, unakiacha muda kidogo tu zaidi, halafu kinaingia kwenye mafuta, wima, bila kuyumbishwa kando, ama sivyo kinapinda. Alitumia oili chafu ya gari iliyopashwa vuguvugu. Maji hupoza haraka mno, na bapa jembamba linaweza kupasuka. Ilipotoka, tupa iliteleza juu yake. Katika hali hiyo patasi ni ngumu lakini ni dhaifu, ukiiangusha kwenye saruji inaweza kukatika. Akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaipasha tena taratibu kutokea upande wa mpini, huku sote tumeinama kutazama rangi ikitembea kuelekea kwenye ncha: njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Njano ilipofika kwenye makali, karibu nyuzi 230, akaitia majini kuisimamisha. Angechelewa mpaka zambarau, makali yangerudi kuwa laini kwa kazi ya mkongo.

Ilifanya kazi. Haikufikia ile ya bei kubwa katika kukaa na makali, lakini haikujikunja tena. Udhaifu wake ulibaki kwenye shingo, pale bapa linapoingia mpinini, palikuwa pembamba na hapakupata moto. Kwa hiyo ilipewa kazi ya kukata na kusafisha kuta za tundu, haikuruhusiwa kukokoa mbao kwa kuikandamiza mithili ya mtaimbo. Mhunzi alitupatia pia patasi moja ya tundu aliyoifua kutoka kwenye springi ya lori, nene, shingo nene, bila uzuri wowote wa macho. Kwa gharama ilikuwa kati ya mbili zile, na kwa kuchimba matundu makubwa naiweka juu ya zote.

Vifaa vingine viliamuliwa kwa haraka zaidi. Msumeno wa bei rahisi wenye meno yaliyokaushwa, yale yenye ncha nyeusi ya ubuluu, tuliununua bila ubishi kwa kukatia fremu na mbao chafu. Unakata kwa kasi nzuri. Kasoro yake ni kwamba tupa haili jino lake, ukichoka umechoka, na kwenye mkongo unachoka mapema. Ndimi zilikatwa kwa msumeno wa kuukuu wa Mzee, ambao meno yake hunolewa na kuinamishwa moja kushoto moja kulia, ili mkato uwe mpana kuliko bati na msumeno usibanwe. Futi na pima maji tulichukua vya bei ndogo, ila kwa masharti. Pima maji unailaza ukutani, unachora mstari, unaigeuza kichwa kiwe mkia: povu lisiporudi pale pale, iache dukani. Skwea vivyo hivyo, chora, pindua, chora tena, mistari ikiachana si skwea. Futi zote zilinyooshwa pamoja sakafuni, na mpaka milango iliposimama hakuna aliyeruhusiwa kuleta ya kwake kutoka nyumbani.

Kwenye bisibisi nilisimama mimi kudai tununue nzuri, na bado nadai. Karibu na bahari bawaba na skrubu zetu zilikuwa za shaba nyeupe, na shaba ni laini. Bisibisi yenye ncha laini inajipinda, inaruka, inakwangua kichwa cha skrubu, na skrubu ya shaba iliyokwanguka ndani ya mkongo haitoki bila kutobolewa. Tuliweka mbili nzuri, ncha yake ikijaza mfereji wa skrubu upana wote. Kila tundu la skrubu lilitobolewa kwanza, likapitishwa skrubu ya chuma ya saizi ile ile kulifungulia njia, ikatolewa, ndipo ya shaba ikaingia ikiwa imepakwa sabuni ya kipande. Skrubu nne kwa bawaba, bawaba tatu kwa mlango, hakuna iliyokatika kichwa.

Pesa iliyosalia ilinunua jiwe la kunolea la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, pamoja na tupa tatu na chupa ya mafuta ya cherehani ya kufutia vifaa jioni, maana hewa ya Mikindani inaotesha kutu kwa usiku mmoja. Ile patasi ya robo tatu, isiyokubali moto, haikutupwa. Ililalia kwenye meza ya gundi, na ndiyo iliyokwangua gundi iliyokauka kwenye milango yote sita, kazi isiyohitaji makali hata kidogo.