Nadaiwa Kodi, Lakini si ya Nyumba

Barua ilikuwa ya rangi ya kaki, ina kidirisha cha plastiki, ikadondoka kwenye kitundu cha mlango Jumanne mchana wakati nimetoka zamu ya usiku na usingizi ndio kwanza umenichukua. Hapa Leicester, Uingereza, barua za rangi hiyo hazina mpenzi. Nikaifungua nimesimama, koti juu ya dera. Faini, paundi mia moja, kwa kuchelewesha ritani ya kodi, ile fomu ya kuieleza serikali pato lako la mwaka. Chini yake, kwa maneno ya adabu kabisa, naambiwa nikifikisha miezi mitatu sijaipeleka, wataanza kuniongezea paundi kumi kila siku.

Kosa nililofanya baada ya hapo ni kumpigia Mama.

"Mama, huku nadaiwa kodi."

Kodi anayoijua Mama ni moja tu, ya nyumba. Akanyamaza, kisha akauliza taratibu kama mwenye nyumba keshatoa vitu nje. Nikamwambia siyo hiyo, hii kodi ya serikali. Akasema, "Haya, kwani hata huku si wapo wanaokaa nyumba za serikali?" Ilipofika magharibi Fuoni nzima, kwetu Unguja, inajua kwamba nimefukuzwa nyumba Uingereza na watoto wangu wawili. Khalati kanitumia ujumbe wa sauti, dakika nne, mbili analia. Mama keshaitoa bangili yake sandukuni anataka kuiuza.

Kwa hiyo naandika mara moja, wote msome. Tuna nyumba. Hatujafukuzwa. Bangili irudi sandukuni.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kabla ya kuolewa nilikuwa kwenye hoteli moja ya pwani, kazi yangu kupokea maombi ya wageni: nani anakuja lini, chumba gani, boti ya saa ngapi, anakula nini. Mwisho wa 2023 nikaja huku kumfuata mume wangu. Meneja akasema, bibie, kazi hii ni kompyuta na mtandao tu, kwa nini uiache? Nikafurahi mno. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nje giza totoro, nyumbani imeshaingia saa mbili asubuhi, najibu wageni kama niko pale pale mapokezi nasikia bahari. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kujua kwamba anayemuelekeza njia ya Nungwi kavaa soksi pea mbili.

Hesabu yetu miye na meneja ilikuwa nyepesi. Mshahara unalipwa Zanzibar, kwa shilingi, kwenye akaunti ya Zanzibar, na kodi ishakatwa Zanzibar. Muingereza yanamhusu nini?

Yanamhusu. Huyu haulizi pesa imetoka mfuko wa nani, anauliza wakati unafanya kazi ulikuwa umekaa wapi. Kiti changu kiko jikoni Leicester, basi kwao ile kazi imefanyika Leicester, hata kama kila mgeni anashukia Kisauni. Na hili haliendi kwa kuhesabu siku 183 kama wengi mnavyoambiana. Siku hizo zinahusu ukaazi wako. Ujira wa kazi uliyoifanya ukiwa ndani ya nchi yao wanautoza kodi tokea siku ya kwanza.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu kuna watu mnadhani nalalamika bure. Kila mtu hapa ana paundi 12,570 kwa mwaka zisizoguswa na kodi. Ningekuwa na ule mshahara wa hoteli peke yake ningesalimika: milioni moja na laki tisa kwa mwezi, ambayo nyumbani watu wanakuita bosi, kwa mwaka inakuja kama paundi 6,700. Hapa hiyo ni pesa ya mtu wa kuonewa huruma. Lakini miye nafanya pia zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ile kazi peke yake imeshaila karibu fungu lote la bure, elfu kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo shilingi zangu za Zanzibar, karibu zote, zinaangukia kwenye asilimia 20. Paundi 1,300 na ushei kwa mwaka. Ni chumba kizima katika vile viwili nilivyojenga Fuoni, tofali, saruji na mabati yake.

Na wanapiga hesabu kwenye mshahara kabla haujakatwa nyumbani! Nyumbani laki tatu na nusu zinaondoka kila mwezi kwa kodi ya mshahara, kisha ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Pesa ambayo sijaiona kwa macho yangu, huku inahesabiwa kwamba nimeipata.

Nikasema lazima kuna mkataba baina ya nchi hizi mbili wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili. Tanzania inayo mikataba hiyo: na Canada, Sweden, Denmark, Norway, Finland, Italia, India, Zambia, Afrika Kusini. Uingereza haimo. Watu hawa walitukalia Unguja na Pemba tokea 1890 hadi Disemba 1963, wametuachia mahakama, skuli na chai ya maziwa, lakini karatasi hiyo moja haipo. Wanayo sheria yao wenyewe ya kukupunguzia kodi uliyolipa nje hata bila mkataba, ila ni kwa pato lililozaliwa huko nje. Na langu, kwa hesabu ya kiti, limezaliwa jikoni kwangu.

Bima ya Taifa, makato mengine ya mshahara ya huku, imenisamehe, alhamdulillahi, kwa sababu inahesabiwa kila kazi mbali, na ile ya hoteli haifiki paundi 1,048 kwa mwezi.

Nikamgeukia mhasibu wa hoteli. Nikamwambia kaka, miye si mkaazi tena, niondoe. Akanijibu kitu ambacho hadi leo kinanikera kwa sababu ni kweli: sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inasema mtu mwenye makaazi ya kudumu nchini, akitia mguu siku yoyote ya mwaka, ni mkaazi kwa mwaka huo. Vile vyumba viwili nilivyojenga kwa jasho, na wiki tatu nilizokuja kula Idi mwaka jana, vimenirudisha kuwa mkaazi. Visheti vya Mama vimenigharimu! Na huko kwetu mkaazi anatozwa kwa pato lake la dunia nzima.

Ila pia akanambia, na hili ndilo lenye nafuu, kwamba mkaazi anaweza kudai apunguziwe nyumbani kodi aliyoilipa nje kwa pato la nje. Yaani anayetakiwa kulegeza kamba ni nyumbani, si Uingereza. Nilikuwa nagonga mlango siyo. Dai hilo linapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, siyo ZRA, ya Zanzibar. Nalisema kwa sababu hata pale ofisini walikuwa wanabishana: ZRA ni VAT na tozo za mahoteli, kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Na lazima uwe na ushahidi kwamba huku umelipa.

Na ushahidi wa kutoka nyumbani, slipu za mshahara, ndio ulionichelewesha ritani. Niliambiwa niwe nimejiandikisha kabla ya tarehe 5 Oktoba, nikajiandikisha, nikaletewa nambari yangu ya tarakimu kumi. Ritani mwisho tarehe 31 Januari. Lakini mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili na kumalizika tarehe 5 Aprili. Msicheke, Makunduchi nao wana mwaka wao. Nikahitaji slipu za kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Aprili inayofuata, na kwetu mwaka ni Januari hadi Disemba. Nikaomba Novemba. Nikaomba Disemba. "Inshaallah bibie, kesho." Zimekuja Februari kwa WhatsApp, kila slipu imepigwa picha mezani, na katika picha tatu kidole gumba kimekaa juu ya tarakimu za kodi.

Nyinyi mnaotaka kuja mkisema "nitabaki na kazi yangu ya nyumbani," njooni, lakini chukueni slipu zenu mkononi kila mwezi, msingoje mwaka uishe. Wanaokuja kwa visa ya masomo ndio khasa wasikilize: zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa wakati wa masomo zinahesabu hata kazi ya kompyuta unayomfanyia muajiri wa Zanzibar. Usijidanganye kwamba haionekani. Na waajiri nao wasimpe mtu aliyeko nje mamlaka ya kutia saini mikataba, wakaja kuambiwa kampuni yao ina tawi huku nayo inatakiwa kulipa. Miye napanga vyumba tu, sisaini kitu.

Binamu zangu wa Maskati wananicheka. Kwao mshahara haukatwi kodi. Itaanza 2028, asilimia tano, tena kwa anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, na katika binamu zangu hao hakuna hata mmoja.

Juzi nikapiga simu kwa watu wa kodi. Nimesikiliza muziki dakika 47 nakoroga uji wa mtoto. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, nikajiandaa kwa ugomvi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza Zanzibar ni saa ngapi sasa hivi. Akanambia faini nina siku thelathini za kuikatia rufaa, niandike sababu kama ilivyo, nizibakishe zile meseji zangu za Novemba na Disemba kuwa ushahidi, na kodi yenyewe naweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kisha akasema pole. Kwa Kiingereza, lakini ilikuwa pole kweli. Nilikata simu nimekaa sakafuni nalia kama Khalati.

Rufaa nimeshaituma. Malipo yanaanza mwezi ujao, paundi 112 kila mwezi.

Leo alfajiri nimewasha kompyuta, kuna wageni sita wa Ijumaa, mmoja hali pweza. Na slipu ya mwezi huu imefika mapema, sijaiomba. Laki tatu na nusu imekatwa kama kawaida. Kidole gumba hakimo.