Nilivyozikatia besi honi za msikiti kwa kapasita moja

Honi za mnarani hazikuundwa kwa ajili ya besi. Ukizipa besi hazitoi sauti ya maana. Kiwambo kinatapatapa tu humo ndani, na mwisho wake koili inakatika. Kwenye mfumo wa volti 100, ule ambao amplifaya inapeleka sauti kwa volti kubwa ili ifike mbali, kuna balaa la pili, maana kila honi ina transfoma yake ndogo, na chuma cha transfoma hujaa usumaku upesi kadiri masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) yanavyoshuka. Volti ileile ambayo kwenye 300 Hz haina neno, kwenye 50 Hz inakitaka chuma kibebe usumaku mara sita. Kikishajaa, transfoma inavuta umeme karibu sawa na shoti, na amplifaya inachemka.

Hayo ndiyo niliyoyakuta kwenye msikiti wa mtaani kwetu, Tanga. Upepo unaopiga maikrofoni, stendi inayogongwa, pumzi ya msomaji aliyesogea mno: vyote hivyo ni besi, na vyote vilikuwa vinapanda mnarani.

"Fundi, mwanangu, honi tunanunua zinakufa," muadhini wetu aliniambia. "Au tutafute amplifaya kubwa zaidi?"

"Hapana, mzee wangu. Hiihii inatosha. Tuizuie tu isipeleke kule juu kisichosikika."

Kichujio chenyewe ni kitu kidogo sana: kapasita moja kwenye njia ya sauti, kisha rezista moja inayotoka baada ya kapasita kwenda graundi. Kapasita huyabana masafa ya chini na kuyaachia ya juu. Mpaka wake unaupata kwa kugawa 1 kwa 2 × π × R × C (R ni rezista, C ni kapasita), na pale mpakani nguvu ya sauti inakuwa imeshuka nusu, yaani desibeli 3. Nililenga 300 Hz. Simu za mezani zilitubebea maneno kwa miaka mingi kati ya 300 Hz na 3,400 Hz, na tulielewana vizuri tu. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 47 zinaleta 339 Hz. Karibu, kwa karatasi.

Ila karatasi haijui kichujio kimechomekwa wapi. Kwa hiyo kabla ya kugusa risasi ya kulehemu nilifungua LTspice, programu ya bure ya Analog Devices ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, inayotumia injini ya aina ya SPICE, kizazi cha kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Unachora saketi, unaweka graundi (bila graundi hairuki), chanzo unakipa AC ya 1, halafu unaandika .ac dec 100 10 20k. Maana yake: pita kuanzia 10 Hz hadi 20 kHz, pima mahali 100 katika kila mruko wa mara kumi. Ukibofya waya wa kutokea, mchoro unajitokeza. Tahadhari moja kwa anayeanza: herufi M humo ni mili, hata ukiiandika kubwa. Ukitaka mega andika Meg, la sivyo rezista yako ya milioni itageuka kuwa kipande cha waya.

Mchoro wa kwanza ulikubaliana na hesabu. Ndipo nikaingiza ukweli wa pale msikitini: miksa ina omu 600 kwenye kutokea, na amplifaya ina kiloomu 22 kwenye kuingilia. Hizo 22 zinakaa sambamba na rezista yangu, na kwa pamoja zinakuwa kiloomu 6.9 tu. Zile 600 zinajiunga kwa mfululizo. Mpaka ukahama kutoka 339 hadi 453 Hz, na hapo sauti nzito ya imamu wetu ingeanza kukonda. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya simulesheni. R ya kwenye kanuni si ile rezista uliyonunua peke yake, ni kila kitu kilichoungwa nayo.

Nikaandika .step ili kapasita ibadilike yenyewe: 47, 68, 100. Ya 68 ikatua 313 Hz. Kwenye 1 kHz inapunguza chini ya nusu desibeli, hakuna sikio litakalogundua. Kwenye 50 Hz inapunguza desibeli 16, yaani nguvu inayobaki ni kama sehemu moja ya arobaini.

Nilijaribu pia kupanga hatua mbili zinazofanana ili mteremko uwe mkali. Bila hata mzigo wa amplifaya, mpaka uliruka hadi kama 900 Hz, kwa sababu hatua ya pili inailemea ya kwanza. Dawa yake ni op-ampu, chipu ndogo ya kukuza sauti, katikati: TL072 yenye kapasita mbili za nanofaradi 47 na rezista za kiloomu 8.2 na 16 inatoa 296 Hz safi, na kwenye 50 Hz inashusha karibu desibeli 31. Inavutia kweli. Lakini inataka umeme wake, na kifaa cha msikitini kinachotaka umeme wake siku moja mtu atakichomoa achaji simu. Nikabaki na kapasita yangu moja.

Dukani nilichagua ya poliesta iliyoandikwa 683J: 68 na sufuri tatu za pikofaradi, J ikiwa asilimia 5. Hata ikipotoka kwa kiasi hicho, mpaka unabaki kati ya 298 na 330 Hz. Zile za bei ya chini za seramiki, zinazobadilika kwa joto, sikuzigusa. Vyote nikavifunga kwenye kikopo cha chuma kilichoungwa na graundi, pamoja na swichi ndogo ya kuiruka kapasita wakati wa kupima.

Kupima kulikuwa rahisi: toni ya 100 Hz kutoka kwenye simu kupitia miksa, mita ya AC kwenye mlango wa amplifaya, swichi huku, swichi kule. Kompyuta ilikuwa imesema itabaki 0.30 ya volti, na mita ikasoma chini kidogo ya theluthi.

Vijana wa Maulidi walilalamika kwamba matari yao hayasikiki vizuri mnarani. Ni kweli, na hayatasikika. Kwa ajili yao nimetoa waya mwingine kwenye miksa, kabla ya kichujio, unaokwenda kwenye spika za boksi pale uani.