Nilivyosawazisha kiwanja cha watoto juu ya mawe ya volkano
Parseli yetu (kipande chetu cha ardhi) hapa Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka 2002. Nilitandika nyasi bandia moja kwa moja juu yake. Mpira ukawa unadunda hovyo, maungio yakaachana. Nikang'oa zulia lote. Tulivunja vichwa vya mawe kwa nyundo, chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) ikaleta changarawe, tukaimwaga kwa tabaka mbili, kila moja tukiishindilia hadi kisigino kisizame, kisha vumbi la mawe juu. Nikaacha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, maji yapate njia. Nikatandika zulia tena, maungio nikayagandisha kwa utepe na gundi siku ya jua (mvua ya hapa haina adabu!), nikafagilia mchanga mkavu kati ya majani. Sasa kazi ni kuwaita watoto waje kula.