Tulivyozunguka bandari za Ugiriki na mamangu bila kununua ziara za meli

Kabla hatujasafiri, karibu kila aliyewahi kupanda meli ya kitalii aliniambia maneno yaleyale: mkifika Ugiriki msishuke wenyewe, nunueni ziara za meli, yaani zile za nchi kavu ambazo meli yenyewe inawauzia abiria. "Shoga, mtaachwa!" alinionya rafiki yangu wa hapa Leicester. Mwingine akaniapia kwamba kisiwani Santorini mwenye mzee hana njia ila kumpandisha punda. Ushauri huu umenichosha. Tulikuwa mimi, mume wangu, binti zetu wawili na mamangu, aliyekuja kutoka Mombasa na magoti yake yanayomsumbua. Kila bandari ya Ugiriki tuliyofika tuliizunguka wenyewe, kwa miguu au kwa mabasi, treni na boti za wenyeji, na pesa tulizotumia kote huko zingetosha ziara ya bandari moja tu pale kwenye dawati la meli. Hakuna aliyeachwa.

Mama anatumia pasipoti ya Kenya, kwa hiyo njia niliichagua kwa makini: tulipanda meli Italia, tukazunguka Ugiriki, tukarudi Italia. Meli nyingi za upande ule hupitia Kuşadası, Uturuki, na ukishaingia huko umetoka Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja hana pa kurudia. Ukiiona Uturuki kwenye ratiba, ombeni viza ya kuingia mara nyingi, na masharti ya Uturuki yenyewe myaangalie mapema, si wiki ya safari.

Tulianzia Katakolo, kijiji kidogo ambacho watu hukishukia kwa ajili ya Olympia, kulikoanzia michezo ya Olimpiki. Nje ya bandari tu kuna wanaouza tiketi za basi la kwenda na kurudi, mwendo wa kama dakika 40. Mimi niliuliza kwanza basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, ndipo nikatoa pesa. Kwenye uwanja wa kale, ile mistari ya mawe waliyoanzia wakimbiaji bado ipo ardhini. Binti zangu wakaweka vidole vya miguu kwenye mstari na kukimbia urefu wote, mita 192 hivi, huku bibi yao akiwashangilia kwa jina la Kipyegon. Mama alikaa kivulini chini ya mti, akafurahi kuliko sisi.

Athens inahitaji mpango zaidi, kwa sababu meli haitii nanga Athens, inatia Piraeus, na pale getini madereva wanakusubiri. Mmoja alinitajia bei ya kutuzungusha mchana kutwa, nikamwambia asante. Tulichukua treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu iliyofikishwa Piraeus mwaka 2022, hadi Syntagma, tukabadili kwenda laini nyekundu, kituo kimoja tu, tukashuka Akropoli, penye kilima cha mahekalu ya kale. Tulipanda na kushuka kwa lifti njia nzima, na nauli ni euro moja na senti kadhaa. Tiketi za Akropoli nilikuwa nimeshazinunua mtandaoni. Siku hizi zina saa ya kuingia, na tangu Aprili 2025 mtu mzima analipa euro 30, kwa hiyo usiende kubahatisha mlangoni. Ingieni kwa mlango wa kusini-mashariki, ule ulio karibu na makumbusho. Lango kuu ndilo linalopokea makundi ya mabasi. Marumaru ya juu kule imesuguliwa na miguu ya watu mpaka inateleza hata ikiwa kavu. Viatu vya soli ya mpira, tafadhali.

Mama hakupanda, na wala hakupoteza kitu. Tulimwacha na mume wangu kwenye Makumbusho ya Akropoli, yaliyofunguliwa mwaka 2009, na tuliposhuka tukamkuta amesimama nyuma ya zile sanamu za wanawake watano waliokuwa wakibeba dari ya hekalu la Erechtheion kwa vichwa vyao. Watu wengi huwapiga picha kwa mbele na kuondoka. Mama aliwazunguka. "Njooni muone nywele," akatuita. Nyuma wote wamesukwa, misuko minene inayoshuka hadi mgongoni, kila mmoja kwa mtindo wake, na fundi aliyechonga karne ya tano kabla ya Kristo alionyesha hata namna misuko inavyopishana. Binti yangu mdogo, naye kasukwa siku ileile ya kusafiri, alisimama pale akilinganisha. Kati ya sanamu hizo kumeachwa nafasi tupu ya yule wa sita, ambaye yuko British Museum, na wanangu walishamwona London walipopelekwa na shule. Hapo ndipo walipoelewa kwamba yule wa London ana wenzake. Mimi nasema arudishwe kwao.

Sasa nije Santorini, maana ndiko nilikotishwa zaidi.

Kisiwa kile ni ukingo uliobaki baada ya volkano kulipuka, yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, na meli husimama katikati ya shimo lililojaa bahari. Abiria hushushwa kwa boti. Walionunua ziara hupelekwa bandari ya Athinios, ambako mabasi yanawasubiri. Sisi wengine wote tunamwagwa bandari ya zamani, chini kabisa ya jabali, na mji wa Fira uko juu ya vichwa vyenu. Kupanda ni kwa gari la waya (vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya), au ngazi zinazokaribia 600, au punda. Punda hupita ngazi zilezile za wapanda kwa miguu, na kinyesi chao kinateleza juani. Sheria ya mwaka 2018 imekataza kuwabebesha zaidi ya kilo 100, na hilo ni jema, lakini mamangu simweki juu ya mnyama kwenye jabali. Gari la waya nalo ni moja. Hata baada ya wakuu wa kisiwa kuweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, hao 8,000 karibu wote wanataka kupanda asubuhi ileile.

Nilikaa na ramani usiku kadhaa kabla ya safari, nikaona kitu. Kila mtu hupanda Fira, kisha huchukua basi kwenda kijiji cha Oia, kisha hurudi Fira kushuka. Mbona tusianze na Oia? Pale pale gatini, hatua chache kutoka mnaposhukia, wanauza tiketi ya boti inayokwenda Ammoudi, bandari ndogo iliyo chini ya Oia, na ndani ya bei hiyo kuna basi la kuwapandisha Oia na jingine la kuwaleta Fira. Tulilipa kama euro 20 hivi kwa mtu mzima. Foleni ya gari la waya ilikuwa imeshazunguka kona, nasi tukaipita, tukamshika Mama mkono, tukapanda boti yenye nafasi tele. Boti inapita chini ya jabali lenyewe, unaona matabaka ya mwamba, mekundu, meusi, ya kijivu, ambayo ukiwa juu huyaoni.

Ammoudi kuna mikahawa imepanga meza ukingoni mwa maji, na pweza wameanikwa kwenye kamba juani. Mama alisimama hapo hapo. Akamgusa pweza mmoja mkono, akamgeukia mwenye mkahawa, na kwa kuwa hana Kigiriki wala yule hana Kiswahili, akaonyesha kwa ishara: mnawapiga kwenye jiwe? Mzee yule akacheka, akainua mkono na kupiga jiwe la hewani mara nyingi, akionyesha kwamba wanapigwa sawasawa mpaka walainike. Wakaelewana kabisa. Tulikula pweza wa kuchoma kwa limau, na bei haikuwa ya mchezo, lakini Mama alisema anatambua mkono wa mtu anayejua bahari.

Oia ni nzuri na imejaa watu. Tulitembea taratibu, tukapiga picha zetu, tukapanda basi. Fira tulifika mchana, wenzetu wanaagiza chakula, tukashuka kwa gari la waya bila kusukumana. Foleni ya kushuka huvimba baadaye, watu wote wanapokumbuka meli kwa pamoja.

Kisiwa cha Rhodes ni rahisi, meli hufunga karibu na kuta za mji. Mitaa ni myembamba na kuta zake nene kama Mji wa Kale wa Mombasa, na Mama ndiye aliyekuwa mbele akituongoza. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa Kikristo, waliutawala mji huo tangu 1309 mpaka Sultani Suleiman alipowatoa mwaka 1522. Juu ya mtaa wa Socrates upo msikiti wa Suleiman, na mkabala wake maktaba ya Kiislamu ya Hafiz Ahmed Agha, iliyoanzishwa 1793. Mitaa imetandikwa kokoto za pwani zilizosimamishwa wima, zinauma nyayo, na kiti cha magurudumu kitawatesa.

Kuhusu kuachwa: Ugiriki iko saa moja mbele ya Italia, na wakati wa kiangazi ni sawa na Mombasa, kwa hiyo saa ya Mama, ambayo hakuigusa tangu nyumbani, ndiyo tuliyoifuata nchi kavu, baada ya kuhakikisha meli nayo imebadili zake. Tulijiwekea kuwa gatini saa nzima kabla ya mwisho wa kupanda, na Santorini saa moja na nusu, kwa ajili ya boti. Kila usiku huletwa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, ambayo ina namba ya wakala wa meli bandarini. Ipigeni picha kwenye simu ya kila mmoja, watoto pia, kabla hamjashuka.