Fundi umeme Kigoma: siku ya plagi mbili

Saa 12 na nusu asubuhi natoka Gungu na begi langu: testa, mita, bisibisi, koleo. Wengi wakiliona wanadhani kazi yangu ni kubadilisha taa. Saa 2 niko Ujiji, nafunga soketi, nalipwa, naondoka.

Saa 4 nafika Mwanga, kwa mzee anayeuza samaki wa kwenye friza. Umeme umekatika tangu alfajiri na jenereta linanguruma uani. Naufuata waya wake: unapita dirishani, unaishia kwenye soketi ya ukutani. Una plagi huku na plagi huku! Mtu akiichomoa ile ya ukutani jenereta likiwaka, pini zake zinabaki wazi zikiwa na volti 230. Nikaomba lizimwe kwanza.

"Shikamoo mzee. Waya huu ni hatari."

"Marahaba. Mbona huwa nazima meinswichi kabla?"

"Na siku ukiwa safarini, kijana wa dukani atakumbuka?"

Hapo saa zikaanza kuliwa. Yeye alitaka plagi mpya tu. Nikamweleza kwamba meinswichi ikisahauliwa, umeme wa jenereta unatoka hadi kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma haichagui upande. Inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 ndiyo hiyo hiyo itakayopandisha umeme wa jenereta lake hadi maelfu ya volti, na juu ya nguzo yuko fundi anayeamini laini imezimwa. Kweli, mara nyingi jenereta dogo huzidiwa na mzigo wa majirani likazima. Lakini waya ukiwa umekatika jirani na hapo, mzigo ni mdogo, linasukuma. Fundi yule ana watoto kama mimi. Mzee akasikiliza, akarudi kwenye bei. Kilichomlainisha ni kusikia kwamba umeme wa laini ukirudi ghafla, jenereta lake linaweza kuungua.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoanza kufunga chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta, kati ya meinswichi na saketi za duka. Joto, harufu ya samaki, nyaya nene zisizopinda, vidole vinauma. Mpini una nafasi tatu: laini, sifuri, jenereta. Hauwezi kukaa kwenye mbili kwa pamoja, na unakata nyaya zote mbili: wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha. Hakuna cha kukumbuka.

Jua linazama tukawasha jenereta. Friza likaanza kufanya kazi. Nikaweka mita upande wa meinswichi, mzee akachungulia mwenyewe: sifuri.

Ule waya nikaukata kwa koleo mbele yake. Alinuna, akasema plagi ni mali. Nikamfungulia zote mbili, nikamkabidhi.